Kujenga shule ya kijijini mlimani: mwongozo kwa kamati, walimu na mafundi

Shule nyingi za milimani zimejengwa kwa ramani iliyochorwa kwa ajili ya tambarare. Mabati ni yaleyale, madirisha ni yaleyale, na vipimo vya vyumba havijaguswa. Ndiyo maana watoto hukaa darasani wamejikunyata hadi saa nne asubuhi, mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza kwa sababu hasikiki, na baada ya misimu michache ukuta wa upande wa bondeni huanza kuachana na sakafu. Sehemu kubwa ya matatizo haya haihitaji fedha za ziada ili kuepukwa. Inahitaji maamuzi yafanywe mapema, kwa mpangilio unaofaa, na watu wanaolijua eneo.

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya mhandisi, ila utakusaidia kujua umuulize nini. Na katika kila hatua kuna swali moja ambalo ningependa liulizwe kwa sauti mbele ya kamati nzima: hiki kikiharibika, nani atakitengeneza, na kwa kifaa gani? Mlimani barabara hukatika, na fundi wa mjini haji kwa sababu ya bawaba moja. Kitu kinachomtegemea mtu wa mbali ipo siku kitaharibika na kubaki hivyo. Kwangu mimi uendelevu wa shule ya kijijini unaanzia kwenye swali hilo, na paneli za sola zinafuata baadaye.

Hatua ya 1: Usome mlima kabla ya kushika kalamu

Eneo linalotolewa kwa ajili ya shule mara nyingi ni lile ambalo hakuna aliyelitaka kwa kilimo. Kabla ya kulipokea, litembelee asubuhi na mapema, jioni, na hasa wakati mvua inanyesha au imetoka tu kunyesha. Fuatana na wazee na wachungaji wa hapo. Wao wanajua maji yalipita wapi mwaka wa mafuriko, na wanajua ni upande gani mawe hubiringika.

Tafuta dalili za ardhi inayotembea: miti ambayo mashina yake yamepinda chini kisha yakanyooka juu, nguzo za ua zilizoinamia bondeni, nyufa za udongo zenye umbo la mwezi mwandamo sehemu ya juu ya mteremko, chemchemi zinazojitokeza mahali papya. Ukiona dalili mbili au tatu mahali pamoja, tafuta eneo lingine. Hakuna msingi wa shule utakaouzuia mlima unaoteleza, na fedha utakazozika hapo hazitarudi.

Jihadhari pia na eneo bapa lililotandazika kwenye mdomo wa korongo. Linavutia kwa kuwa halihitaji kuchimbwa sana, lakini ubapa wake umetokana na matope na mawe yaliyoshuka zamani, na njia yaliyopitia bado ipo. Usiku wa kuamkia Agosti 6, 2010, mvua kubwa ya ghafla ilishusha mito ya matope kwenye makazi ya Leh, katika Ladakh, kaskazini mwa India, eneo ambalo ni jangwa la baridi na hupata mvua kidogo sana kwa mwaka. Hata Shule ya Druk White Lotus iliyopo karibu na hapo, ambayo imesifiwa duniani kwa usanifu wake na ambayo nitaitaja tena hapa chini, iliingiliwa na matope. Ukavu wa korongo hautoshi kukupa amani.

Sasa uangalie baridi. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, lakini ndani ya mlima uleule kuna tofauti nyingine. Hewa baridi ni nzito; usiku hushuka na kutuama bondeni, ndiyo maana jalidi huunguza mazao ya chini na kuyaacha yale ya katikati ya mteremko. Kileleni nako kuna upepo na radi. Mahali pazuri pa shule huwa kwenye kiuno cha mlima, juu ya bonde la baridi na chini ya ukingo wa upepo. Simama hapo katika mwezi wenye baridi kuliko yote, uandike saa jua linapofika uwanjani na saa linapojificha nyuma ya kilele cha jirani. Karatasi hiyo itaamua mengi kuliko ramani yoyote ya kununua.

Mwisho, chimba mashimo matatu au manne ya kina cha kimo cha mtu, moja katika kila kona ya eneo. Utaona udongo ulivyopangana, mwamba uko wapi, na kama maji yanajikusanya ndani.

Hatua ya 2: Panga majengo kwa kufuata mteremko

Kishawishi cha kwanza cha kila mkandarasi ni kuleta tingatinga na kusawazisha uwanja mkubwa mmoja. Kataa. Ukikata mlima upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini, jengo lililokaa katikati litakuwa na nusu ya msingi juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya udongo wa kujaza. Udongo wa kujaza hushuka taratibu kwa miaka, ule wa asili haushuki, na ukuta hupasuka pale viwili hivyo vinapokutana. Huo ndio ufa utakaoukuta kwenye shule nyingi za milimani, na lipu haiutibu.

Gawanya shule katika majengo madogo membamba, kila moja likiwa na darasa moja au mawili, na yote yalale sambamba na mistari ya kimo, yaani kuukatiza mteremko kwenye usawa mmoja badala ya kuufuata kushuka, jengo moja juu ya jingine kama ngazi. Kwa upana wa mita 7 unahitaji kukata ardhi kidogo tu, na msingi wote unakaa kwenye ardhi ya asili. Kwa kupima usawa huhitaji chombo cha gharama: mpira mwembamba unaoonyesha, uliojazwa maji, utakupa usawa wa pande mbili za kiwanja kwa usahihi ambao fundi yeyote anaweza kuuthibitisha kwa macho yake.

Juu ya kila jengo chimba mtaro wa kukinga maji ya mlima, ulioinama kidogo na kutandikwa mawe, unaopeleka maji pembeni hadi kwenye mkondo wa asili. Usiuelekeze kwenye shamba la jirani. Ukuta wa kuzuia udongo lazima uwe na matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake, kwa sababu kinachouangusha ukuta wa namna hiyo mara nyingi ni uzito wa maji yaliyonaswa kuliko udongo wenyewe. Mahali penye mawe mengi napendelea makasha ya waya yaliyojazwa mawe. Yanapitisha maji yenyewe, yanavumilia ardhi ikisogea kidogo, na vijana wa kijiji wanaweza kuyajaza bila saruji.

Usimsahau mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au magongo. Njia yenye mwinamo wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, ni ngumu kuipata mlimani, lakini ukipanga mapema, angalau madarasa mawili, choo kimoja na ofisi vinaweza kukaa kwenye ngazi moja ya ardhi bila hata kipandio.

Hatua ya 3: Lipe jua nafasi ya kupasha joto

Mlimani hewa ni nyembamba. Jua huchoma mchana, na joto hupotea haraka mara linapozama. Shule, tofauti na nyumba, hutumika kuanzia asubuhi, wakati jengo limepoa kabisa. Kwa hiyo kazi yako ni kuliingiza jua la asubuhi darasani mapema iwezekanavyo.

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, madirisha makubwa yatazame kusini. Katika nusu ya kusini, yatazame kaskazini. Ukikigeuza kidogo kichwa cha jengo kuelekea mashariki, darasa litaamka mapema zaidi: madarasa ya watoto wadogo katika shule ile ya Ladakh, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 3,500, yamegeuzwa nyuzi 30 mashariki mwa kusini kwa sababu hiyohiyo. Karibu na ikweta mambo hubadilika. Jua la mchana liko utosini na haliingii dirishani, hivyo upande wa mashariki ndio wenye faida, na unahitaji mbao za kufungua na kufunga ili jua la chini lisiwapige watoto machoni.

Upande wa nyuma, ule usiopata jua au unaopigwa na upepo, uwe na madirisha madogo na ukuta mnene. Stoo, kabati za vitabu au korido zikikaa upande huo, zitalikinga darasa na baridi bila gharama yoyote ya ziada.

Kuna ukuta unaohifadhi joto la jua ambao ulipata umaarufu kutokana na kazi ya Mfaransa Félix Trombe huko Odeillo, katika milima ya Pyrenees, miaka ya 1960. Ukuta mnene hupakwa rangi nyeusi upande wa jua, kisha kioo huwekwa mbele yake kwa nafasi ndogo. Jua huupasha ukuta, na joto hupenya polepole hadi ndani saa kadhaa baadaye. Watu wengi hutaka kuuweka kila mahali. Fikiri kidogo: joto linalofika ndani usiku litamfaa nani darasani? Ukuta huu ni wa bweni. Darasa linahitaji jua la moja kwa moja kupitia kioo, likiangukia sakafu nzito ya mawe, matofali au udongo ulioshindiliwa. Ladakh walifanya hivyo: ukuta wa Trombe kwenye mabweni, madirisha makubwa ya jua kwenye madarasa.

Na hapa niseme neno kuhusu kuiga. Shule ya msingi ya Gando huko Burkina Faso, iliyosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001, ina paa lililoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Ni kazi njema kabisa, na Kéré alistahili Tuzo ya Pritzker aliyopewa mwaka 2022. Lakini Gando ni tambarare yenye joto kali. Ukilichukua paa lile ukalipandisha mlimani, utawagandisha watoto. Cha kuiga kutoka Gando ni namna wanakijiji walivyofyatua matofali yao wenyewe na kujifunza ufundi ambao waliutumia baadaye.

Hatua ya 4: Chagua vifaa kwa miguu

Tembea eneo lenye mzunguko wa saa moja kutoka kwenye kiwanja uandike kila kinachopatikana: mawe, mchanga wa mto, udongo mwekundu, mianzi, miti ya kupandwa, nyasi, sufu ya kondoo. Kila mfuko wa saruji wa kilo 50 utakaopandishwa hadi hapo una gharama ya usafiri ambayo mlimani inaweza kuzidi bei ya mfuko wenyewe, na uzalishaji wa saruji pekee unachangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Sikuambii uiache. Itumie pale isipokuwa na mbadala: msingi, mikanda ya kufunga kuta, sakafu ya choo, tenki.

Matofali ya kuchoma kwa kuni yanaonekana kuwa ya kienyeji na ya bei nafuu, lakini tanuru moja humeza miti mingi, na mlima uliokatwa miti ndio unaoporomoka. Mimi ningechagua matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono na kuchanganywa na saruji kidogo, kama asilimia 5 hadi 8. Hayachomwi. Yanafyatuliwa palepale kwenye kiwanja, na mashine ikivunjika mchomeleaji yeyote anaweza kuishughulikia.

Udongo wenyewe uujaribu kwanza. Ondoa udongo mweusi wa juu wenye mizizi. Chukua ule wa chini, jaza theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho yake. Mchanga utakuwa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Kwa matofali ya namna hii mchanga unatakiwa uzidi nusu na mfinyanzi uwe sehemu ndogo. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, nawe utaongeza mchanga. Baada ya kufyatua, yafunike matofali na kuyanyunyizia maji kwa wiki nzima, kisha uyaache hadi siku 28 zitimie kabla ya kuyabebesha mzigo. Haraka ya mafundi katika hatua hii imeharibu majengo mengi. Kwa jaribio la mwisho, litose tofali lililokomaa kwenye maji usiku kucha. Asubuhi likimeguka kwa kidole, mchanganyiko haufai.

Hatua ya 5: Zifunge kuta ziwe kitu kimoja

Milima mingi ya dunia ilitokana na nguvu zilezile zinazoleta matetemeko. Oktoba 8, 2005, kabla ya saa tatu asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 7.6 liliikumba Kashmir na kaskazini mwa Pakistan wakati watoto wakiwa darasani. Maelfu ya wanafunzi walifia ndani ya shule zao. Aprili 25, 2015, tetemeko la 7.8 liliipiga Nepal na kuharibu maelfu ya madarasa, lakini ilikuwa Jumamosi, siku ambayo shule za huko hufungwa. Siku ya mapumziko ndiyo iliyowaokoa watoto wale, na hakuna mjenzi mwenye haki ya kutegemea kalenda.

Nakuomba usiipite hatua hii hata kama kijijini kwenu hakuna anayekumbuka tetemeko.

Jengo liwe mstatili wa kawaida, lisiwe na umbo la L wala U, na urefu wake usizidi mara tatu ya upana. Ukitaka majengo marefu, yatenganishe. Ukuta mrefu usimame na msaada: ukuta wa kukatiza au nguzo ya kuegemea. Madirisha na milango ikae angalau sentimita 60 kutoka kwenye kona, na nafasi zote zilizo wazi zisizidi nusu ya urefu wa ukuta. Kisha kuna mikanda, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote: mkanda wa zege lenye nondo, au wa mbao zilizopigiliwa kama ngazi iliyolazwa, unaozunguka jengo zima bila kukatika. Mmoja kwenye usawa wa sakafu, mmoja juu ya madirisha na milango, mmoja pale ukuta unapokutana na paa. Mkanda ukikatika mahali pamoja tu, faida yake nyingi inapotea. Simama hapo wewe mwenyewe siku ya kuufunga nondo, utazame kila kona, uone nondo zinapinda na kupishana badala ya kukutana vichwa tu.

Kwa kuta za mawe kuna hatari ya pekee. Fundi hujenga uso wa nje na uso wa ndani, kisha katikati hujaza vipande. Likija tetemeko, nyuso hizo mbili hutengana na kufunguka. Dai mawe marefu yanayopita kutoka uso mmoja hadi mwingine, angalau kila sentimita 60 kwenda juu na kila mita 1.2 kwenda mbele. Yapake chokaa vichwa vyake ili mkaguzi ayahesabu.

Sehemu ya pembetatu chini ya paa isiwe ya mawe wala matofali. Ifunike kwa mbao au bati. Milango ya madarasa ifunguke kwenda nje.

Hatua ya 6: Paa

Mteremko wa nyuzi 25 hadi 30 unafaa mahali penye mvua na upepo. Paa bapa mno hunyanyuliwa kirahisi. Kenchi zifungwe kwenye mkanda wa juu kwa vyuma au waya mnene uliozikwa ndani ya zege tangu mwanzo. Bati lifungwe kwa skrubu zenye mpira badala ya misumari, na uchague bati la geji 28 badala ya 30, kwa kuwa mvua ya mawe hailihurumii bati jembamba.

Ukingo wa paa utoke sentimita 60 nje ili kuzikinga kuta za udongo. Ukitaka baraza pana, lipe paa lake lenyewe lililo chini kidogo ya paa kuu. Upepo mkali ukiling'oa baraza, darasa litabaki limefunikwa.

Dari si pambo. Bati tupu usiku hutoa joto lote, asubuhi hudondosha matone ya ukungu juu ya madaftari, na mvua ikianza hakuna somo. Mbao nyembamba au mikeka ya mianzi, na juu yake tabaka la sufu ya kondoo au nyasi zilizochanganywa na udongo mwepesi, hutibu yote matatu. Nyasi tupu usiziweke, kwa sababu ya moto na panya.

Hatua ya 7: Mwanga na hewa

Mwanga wa dirisha hufika ndani takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha kutoka sakafuni. Dirisha likiishia mita 2.4, basi baada ya mita 5 hivi darasa ni giza. Chumba cha upana wa mita 7 kinahitaji madirisha pande zote mbili: makubwa upande wa jua, madogo ya juu upande wa pili. Eneo la vioo kama moja ya tano ya sakafu linatosha. Paka dari na kuta za ndani chokaa nyeupe, na ubao ukae kwenye ukuta usio na dirisha.

Kwenye baridi watu hufunga kila tundu, na watoto 40 wakivuta hewa ileile kwa saa mbili husinzia na kuambukizana mafua. Weka vipenyo vidogo vya kufunguka karibu na dari, na ratiba ya shule iseme wazi kwamba kila mapumziko madirisha yanafunguliwa. Kuta nzito hazipoi kwa dakika hizo chache, hivyo darasa hupata joto tena upesi.

Hatua ya 8: Vuna maji kabla ya kuyatafuta

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 20, mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hukinga lita 160,000. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki 128,000. Shirika la Afya Duniani hupendekeza lita 5 kwa kila mwanafunzi wa kutwa kwa siku, bila kuhesabu vyoo vya maji. Wanafunzi 200 ni lita 1,000 kwa siku, basi paa moja tu linalisha shule siku 128.

Kinachobana ni mahali pa kuyahifadhi. Kiangazi chenye siku 60 za masomo kinadai lita 60,000. Badala ya tenki moja kubwa jenga mawili au matatu, ili moja likivuja au likisafishwa shule isikauke. Maji ya kwanza ya kila mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaelekezwe pembeni: bomba la wima lenye kifuniko chini, linalobeba angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, linafanya kazi hiyo. Mifereji ya paa iinamie kwenye tenki kwa sentimita 1 kila mita 1. Maji ya kunywa yatibiwe hata hivyo. Tenki likikaa juu kidogo ya vyoo na mabomba ya kunawia, mteremko utayasukuma maji na hutahitaji pampu; mlima umekupa nguvu hiyo bure. Panapoganda, zika mabomba chini ya kina ambacho baridi hufika.

Hatua ya 9: Vyoo

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni tundu 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu 1 pamoja na sehemu ya haja ndogo kwa kila 50. Viwe chini ya chanzo cha maji kwa mteremko, angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi, na sakafu ya shimo ikae mita 2 juu ya maji ya ardhini. Bomba la hewa la milimita 150, lenye wavu juu na kupanda nusu mita juu ya paa, huondoa harufu na kunasa nzi, ila chumba chenyewe kikae na kivuli. Ukifungua dirisha kubwa chooni, nzi hawafuati tena mwanga wa bomba.

Kwenye mwamba usiochimbika, jenga choo kilichoinuliwa chenye vyumba viwili vinavyotumika kwa zamu. Mlimani uvumilie zaidi: kwenye joto la nyuzi 2 hadi 20, kinyesi kinahitaji kukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kutolewa salama, muda mrefu kuliko sehemu za joto. Wasichana wapate chumba chenye komeo la ndani, maji na pipa la taka. Jambo hili liandikwe kwenye ramani tangu siku ya kwanza, vinginevyo hukatwa fedha zinapopungua.

Hatua ya 10: Umeme, radi na jiko

Ukipanga madirisha vizuri, taa zinahitajika saa chache tu. Taa 6 za wati 12 zikiwaka saa 3 hutumia wati-saa 216. Anza na hesabu kama hiyo kwa kila chumba, uone mfumo utakavyokuwa mdogo. Paneli hufanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi, lakini betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0, hivyo zikae ndani ya jengo, kwenye ukuta wa upande wa jua.

Radi ni hatari halisi. Mwezi Juni 2011 nchini Uganda radi moja iliwaua wanafunzi 18 katika shule ya msingi. Paa la bati lisilounganishwa na ardhi si kinga. Nyaya nene za kushushia umeme, kutoka paani hadi kwenye vyuma vilivyozikwa, ziwekwe na mtaalamu, zipite mbali na milango.

Jiko liwe la matofali, lenye dohani na chumba kidogo cha moto, na ghala la kukaushia kuni lenye paa. Kuni mbichi huliwa nyingi na kupika kidogo.

Hatua ya 11: Ujenzi na miaka inayofuata

Anza msingi mvua zinapokoma, upaue kabla hazijarudi. Ukungu huharibu saruji, kwa hiyo ipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Zege lisimwagwe joto likiwa chini ya nyuzi 5. Kila fundi wa nje apewe wanafunzi wawili wa kijijini, na hilo liandikwe kwenye mkataba pamoja na malipo yao. Hao ndio jibu la swali la nani atatengeneza.

Kabla ya kila msimu wa mvua, safisha mifereji ya paa na mtaro wa juu, kaza skrubu, paka upya lipu ya udongo ilipomeguka. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, mkuu wa shule na mjumbe wa kamati watembee mtaro wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukionekana ufa ukutani, bandika kipande cha lipu juu yake na uandike tarehe. Lipu hiyo ikipasuka kabla ya mwaka kuisha, ukuta bado unatembea: watoe watoto katika chumba hicho siku hiyohiyo na umwite mhandisi.